Miswaki ya umeme kwa kipimo cha usafi: upi unaosheka, upi unaficha ukungu

Chomoa kichwa cha mswaki wa umeme ambacho hakijatolewa kwa wiki tatu. Kuzunguka kijiti cha chuma utakuta pete ya uchafu, mweusi au wa kahawia, na ndani ya tundu la kichwa utakuta ute unaoteleza na kunuka uvundo. Nyuzi zenyewe kwa kawaida huonekana safi, maana husuuzwa kila siku. Kinachooza ni pale jicho lisipofika. Tathmini nyingi za miswaki hii hupima kasi ya mtikisiko, uhai wa betri na programu ya simu. Hii inapima jambo moja: mwanya ulio kati ya kichwa na mpini, na kama mswaki unamruhusu mwenye nao kuufikia, kuusafisha na kuukausha bila taabu. Mswaki ukifaulu kwa mengine yote ukafeli hapo, hatuwezi kumshauri mtu aununue.

Uchafu huo ni nini

Mtu anapopiga mswaki, kichwa kiko juu na mkono uko chini. Povu la dawa ya meno likichanganyika na mate hutiririka kwenye shingo ya mswaki, likafika kwenye mwanya, likaingia. Mwanya huo si kasoro ya kiwandani. Kichwa kinapaswa kutikisika huku mpini umetulia, kwa hiyo lazima kuwe na nafasi kidogo kati yao. Hata kijitabu cha maelekezo cha Philips Sonicare kinaeleza kwamba nafasi ndogo hapo ni ya kawaida. Anayesukuma kichwa kwa nguvu ili auzibe hapati faida. Povu hupita vilevile, na kichwa huanza kugonga mpini na kupiga kelele.

Kinachoufanya uchafu huu uwe mbishi kimo ndani ya dawa ya meno yenyewe. Karibu kila dawa ya meno ya tyubu ina gliserini au sobitoli, vitu vinavyotiwa ili dawa isikauke na kuwa ngumu. Vitu hivyohivyo hushika unyevu kwenye masalia. Tone la maji matupu juu ya chuma hukauka ndani ya saa chache, lakini masalia ya dawa yaliyojificha kwenye tundu lisilopita hewa hubaki na majimaji kwa siku nyingi. Juu yake kuna mate, yenye protini na chembe zilizokufa za ngozi ya mdomo, na kuna giza. Bakteria hutangulia na kujenga utando, kisha ukungu hupata pa kushika.

Rangi husaidia kutambua. Weupe mgumu unaokwaruzika ni dawa ya meno iliyokauka pamoja na chokaa ya maji. Unaudhi macho, lakini hauna uhai. Utando wa waridi au rangi ya chungwa ni bakteria, mara nyingi Serratia marcescens, yuleyule anayepaka rangi pembe za bafu na pazia lake. Weusi ndio unaowachanganya watu, kwa sababu una asili mbili. Kwenye vichwa vya mviringo vyenye vipande vya chuma ndani, msuguano huzaa unga mwembamba unaochanganyika na dawa ya meno na kuwa tope jeusi. Huo ukiupangusa kwa tishu nyeupe hutoka mara moja kama wino na hauachi alama. Ukungu huja kwa vitone, una harufu ya uvundo, na ukishika kwenye mpira huacha doa hata baada ya kuoshwa. Weusi wowote unastahili kuondolewa, ila ni ukungu unaoamua kama kichwa kitupwe.

Vichwa vya mviringo: Oral-B

Hii ndiyo familia inayojulikana zaidi ya miswaki ya kuzunguka na kurudi. Kijiti cha chuma hutoka kwenye mpini, huingia kwenye kichwa kirefu chenye uwazi, na ndani yake kuna kiungo kinachogeuza mwendo wa kijiti kuwa mzunguko wa duara dogo la nyuzi. Kwa kusafisha meno ni muundo mzuri sana. Kwa usafi wa mswaki wenyewe, kichwa hiki ni mrija wenye mdomo mmoja mpana chini na mashine ndogo juu. Maji huingia kwa urahisi na hutoka kwa shida, na mashine hiyo hakuna brashi ya nyumbani inayoweza kuifikia yote.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukisahau, nacho ni kile kipete cha rangi kilicho chini ya kichwa, kinachowasaidia watu wa nyumba moja kutambua mswaki wa kila mmoja. Kipete kinavuliwa. Chini yake kuna mfereji mwembamba unaokusanya ute, na aliyeosha kila mahali akakiacha hicho atashangaa harufu inatoka wapi. Kivue mara moja kwa wiki, kioshe kwa sabuni, kirudishe kikiwa kikavu. Kama uko peke yako na huna mswaki mwingine wa kuchanganya nao, kiache nje kabisa.

Sifa yake kubwa upande wa usafi ni kwamba kichwa kinachomoka kwa kuvuta tu, na sehemu ya juu ya mpini ni laini na inafutika kwa mpito mmoja wa kitambaa. Maelekezo ya kampuni yako wazi: suuza kichwa kwenye maji yanayotiririka mswaki ukiwa umewashwa, zima, chomoa, osha vipande viwili mbalimbali, futa vikauke kabla ya kuviunganisha tena. Wanaofuata hatua ya kwanza ni wengi. Wanaofika ya mwisho ni wachache, na tope jeusi ni malipo ya hatua hizo zilizorukwa.

Vichwa vya kubofya: Philips Sonicare ya sasa

Hapa kichwa hakizunguki. Mota hutikisa kijiti cha chuma, na kichwa kizima hutikisika pamoja nacho. Kwa kuwa hakuna kiungo kinachogeuza mwendo, ndani ya kichwa ni wazi zaidi: ukikiweka chini ya bomba maji huingia na kutoka, na brashi ndogo ya kati ya meno inafika hadi juu. Kwa kipimo chetu hili ni jambo kubwa. Tundu unaloweza kulifikia ni tundu unaloweza kulisafisha.

Udhaifu uko kwenye mpini. Pale kijiti kinapotokea pana mpira laini wa kuzuia maji, na kati ya mpira huo na ukingo wa plastiki pana kibonde. Masalia hulala pale. Mtu akiona weusi huchukua sindano au kijiti cha kuchokolea meno na kuanza kuchimba, na kwa dakika moja ameutoboa mpira uliokuwa unalinda betri na mota. Kampuni imeonya wazi kuhusu kuusukuma mpira huo kwa vitu vyenye ncha. Tumia pamba ya masikio iliyoloweshwa na uizungushe. Usiisukume kuelekea ndani.

Kampuni hiyohiyo inakataza kutumia spiriti, siki au jiki kwenye mpini na kichwa, kwa sababu vinaweza kubadilisha rangi ya plastiki. Inaonya pia kwamba dawa ya meno yenye peroksaidi au soda ya kuokea inaweza kusababisha plastiki ya kichwa kupasuka, na inashauri kichwa kioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumia dawa ya aina hiyo. Mafuta ya nazi na mafuta ya mimea yenye harufu kali yanaweza kulegeza nyuzi hadi zikang'oka. Yote haya yana maana kwa msafishaji: ushauri mwingi unaozunguka, wa kutumbukiza kila kitu kwenye siki usiku kucha, unagongana moja kwa moja na maelekezo ya mswaki huu.

Vichwa vya kuskurubu: Sonicare za zamani

Mifano ya zamani kama Elite na Essence ilikuwa na kichwa kilichofungwa kwa kola ya kuskurubu. Tunaitaja kwa sababu bado iko mikononi mwa watu na bado inauzwa ikiwa imetumika. Kwa usafi, muundo huu ndio mbovu kuliko yote tuliyoyataja hapa. Kola inafunika nafasi kubwa kiasi, hesi zake hujaa dawa ya meno, na ikishagandamana kuifungua huhitaji nguvu. Matokeo yake mwenye nao haifungui, na ndani mle mnakuwa bustani. Ukiwa nao, legeza kola kila siku na uisugue hesi kwa mswaki mdogo wa kawaida. Ukiwa unanunua leo, acha.

Miswaki ya betri za kawaida na ile ya silikoni

Miswaki midogo inayotumia betri za AA au AAA ina mlango wa pili wa maji: kifuniko cha betri. Huwa kina pete ya mpira, na pete ikichakaa au ikikaa vibaya maji huingia, betri huvuja, na unaona ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya kugusia. Kila ukibadilisha betri, futa pete hiyo na uikague kama ina ufa. Baadhi ya miswaki hii haina kichwa kinachotoka kabisa. Kwa hiyo mwanya wake hauonekani na hausafishiki, na ni bora kuuhesabu kama mswaki wa miezi mitatu tu.

Ile ya silikoni ina faida ya kweli. Silikoni haina vinyweleo, haifyonzi maji, na hukauka upesi kuliko vishada vya nailoni vilivyobanana. Hata hivyo, silikoni kwenye nyuzi haiponyi mwanya wa kichwa. Angalia pale kichwa kinapokutana na mpini kabla ya kuamini neno lolote lililo kwenye boksi.

Utafiti unaostahili kujulikana

Mwaka 2014 watafiti wa shule ya udaktari wa meno ya chuo kikuu cha afya cha Texas mjini Houston walilinganisha vichwa vya miswaki ya umeme vilivyo na uwazi ndani na vile vilivyojazwa karibu kabisa. Watu walipiga mswaki mara mbili kwa siku kwa wiki tatu. Vichwa vyenye uwazi vilibeba vijidudu vingi zaidi, na katika baadhi ya vipimo tofauti ilifika mara 3,000. Watafiti hawakudai kwamba watumiaji waliugua, na mtu mwenye afya njema hana sababu ya kutishika. Ila matokeo yale yanathibitisha kile ambacho pua huambiwa na tundu la kichwa: umbo linatangulia sabuni. Ukiwa dukani na vichwa viwili vinavyoingia kwenye mpini mmoja, vigeuze uvitazame kwa chini. Chenye uwazi mdogo, kuta laini na kona chache ndicho cha kuchukua. Vichwa vya makampuni mengine vinavyouzwa kwa bei nafuu mara nyingi huanguka kwenye jaribio hili, kwa kuwa plastiki ya ndani imeachwa na mikwaruzo na mabaki ya kalibu, na vinakaa kwa kulegalega hata mwanya ukawa mpana zaidi.

Vifaa vinavyouzwa pembeni

Sanduku la mwanga wa urujuanimno hatulipendekezi. Mwanga huo huua pale unapoangukia, na hauwezi kupinda ukaingia kwenye tundu la kichwa, ambako ndiko kwenye tatizo. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, imesema si lazima kutumia vifaa hivyo, wala mashine ya kuosha vyombo, wala maikrowevu, na kwamba vinaweza kuuharibu mswaki.

Vile vifuniko vya plastiki vya kuvisha kichwa vina madhara zaidi kuliko faida vikitumiwa kila siku. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, kinashauri mswaki usifunikwe kila mara wala kufungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, kwa sababu unyevu huwafaa vijidudu. Kifuniko ni cha safari. Hata safarini, kausha kichwa kwa tishu kwanza, chagua kasha lenye matundu, na ukifika fungua kila kitu kikae wazi. Kasha nalo huota ukungu, hasa pembezoni pa bawaba. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni kila urudipo.

Kinachofaa kununuliwa ni vitu viwili vidogo: kishikio chenye vijiti vya kusimamishia vichwa vilivyochomolewa, na pakiti ya brashi za kati ya meno zenye upana wa milimita 3 hadi 5. Brashi hizo huingia kwenye tundu la kichwa kama vile zimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Kazi ya kila siku, chini ya dakika moja

Ukimaliza kupiga mswaki, weka kichwa chini ya maji yanayotiririka mswaki ukiwa umewashwa, kwa sekunde 5 hadi 10, hadi maji yatoke bila povu. Zima. Chomoa kichwa. Kipindue, uyaelekeze maji kwenye tundu lake la chini hadi yatoke safi, halafu kikung'ute mara 5 au 6 kwa nguvu, tundu likitazama chini. Suuza kijiti cha chuma huku ukiuinamisha mpini ili kijiti kielekee chini; kwa njia hiyo maji yanaukimbia mpira badala ya kutuama juu yake. Pangusa kijiti na sehemu ya juu ya mpini kwa kitambaa kikavu. Kisha simamisha kichwa na mpini mbalimbali.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye uzito wote. Kichwa kilichorudishwa kwenye mpini kikiwa kibichi kimefunga unyevu ndani hadi kesho, na sabuni ya Jumamosi haiwezi kulipa deni la siku sita. Anayetaka kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyoandikwa hapa, na alale kichwa kikiwa kimechomolewa.

Mahali nako kuna maana. Bafu lisilo na dirisha hubaki na mvuke muda mrefu baada ya mtu kuoga, na mswaki uliokaa ndani haukauki. Uweke nje ya bafu, au mbali iwezekanavyo na choo, na kifuniko cha choo kishushwe kabla ya kuvuta maji. Kikombe cha kuwekea miswaki kikikusanya maji chini kinaunyevusha upya kitako cha kila mswaki uliomo. Nyuzi za mswaki mmoja zisigusane na za mwingine.

Kazi ya wiki

Tia matone matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kama mililita 250. Vuguvugu maana yake nyuzi joto 40 hivi, joto ambalo mkono unalivumilia bila kushtuka. Loweka kichwa kwa dakika 10. Pitisha brashi ya kati ya meno ndani ya tundu, zungusha, toa, suuza, rudia hadi brashi itoke bila rangi. Kwa pamba ya masikio yenye sabuni zunguka kijiti cha chuma na kibonde chake. Futa kwa pamba nyingine yenye maji matupu, kisha kwa kavu.

Geuza mpini. Miswaki mingi inayochajiwa kwenye stendi ina shimo kwenye kitako, linaloingia kwenye kichomozi cha chaja. Kuchaji huko ni kwa sumaku: koili moja iko ndani ya chaja na nyingine ndani ya mpini, bila chuma kugusana, na ndiyo sababu kifaa hiki kinaweza kuishi karibu na maji. Shimo hilo hupokea kila tone linaloshuka kwenye mpini, na mara nyingi ndilo chafu kuliko hata kijiti. Pamba mbili za masikio, moja ya sabuni na moja kavu, zinatosha.

Chaja ichomoe kwenye soketi kwanza, kila mara. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiitumbukize. Ukoko mweupe kwenye kichomozi hulainika ukifunikwa kwa tishu iliyoloweshwa maji ya vuguvugu kwa dakika 15. Iache ikauke kabisa ndipo uichomeke. Ukiona waya umechubuka au umepasuka, usiitumie tena. Tena, hakuna haja ya mswaki kuishi juu ya chaja. Betri za lithiamu za miswaki mingi ya sasa humaliza wiki mbili hivi. Uchaji ukiwa mkavu, kisha uondoe.

Ukungu ukishaingia

Kichwa chenye ukungu ndani kitupe. Huwezi kuona kama umeumaliza, na kichwa ni kitu cha kubadilishwa hata hivyo. Mpini ndio unaookolewa.

Anza na sabuni na maji ya vuguvugu, usianze na dawa ya kuua. Utando wa dawa ya meno na mate ni kinga: dawa ikimwagwa juu yake huishia kwenye tabaka la juu. Ondoa kwanza kila kinachoondoka kwa kufuta. Baada ya hapo, kama maelekezo ya mswaki wako hayakatazi, chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, lowesha pamba ya masikio, shikilia mpini kijiti kikitazama chini, na upake kwenye kibonde kwa kuzunguka. Subiri dakika 5. Futa kwa pamba yenye maji, mara mbili, kisha kausha. Mapovu unayoyaona hutokana na kimeng'enya kiitwacho katalase, kilichomo katika chembe hai nyingi, kikiivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Yanaonyesha kwamba masalia yenye uhai yalikuwapo. Kukoma kwake si hakikisho kwamba ukungu wote umekufa, kwa hiyo rudia kesho yake.

Kwa miswaki inayoruhusu spiriti, ile ya asilimia 70 ni bora kuliko ile kali zaidi, kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kupenya ndani ya chembe na huifanya ikawie kukauka. Kwa Sonicare baki na sabuni. Siki nyeupe ya asilimia 5, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, tumia kwenye stendi na vikombe vya plastiki vyenye chokaa, dakika 30, kisha suuza.

Usichanganye dawa hizi. Siki na peroksaidi zikikutana kwenye chombo kimoja hutengeneza asidi inayochoma macho na mapafu. Jiki na siki hutoa gesi ya klorini. Jiki peke yake hula chuma cha kijiti, na kutu ikishaanza pale, uso wa chuma huwa na vishimo vinavyohifadhi uchafu milele.

Maji yanayochemka hupindisha nyuzi za nailoni na kuiharibu plastiki iliyozishika. Maikrowevu ni hatari zaidi: vishada vya nyuzi kwenye vichwa vingi vimebanwa kwa vipande vidogo vya chuma visivyoonekana, na chuma ndani ya maikrowevu hutoa cheche.

Kuna imani nyingine inayoua miswaki mingi, kwamba alama ya kustahimili maji ya IPX7 inaruhusu mpini kulowekwa. Alama hiyo inahusu kuzama kwenye maji kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu maji ya moto, sabuni, siki, au mpira uliochakaa kwa miaka miwili ya matumizi. Mpini unaoshwa kwa maji yanayopita, kwa sekunde chache, basi.

Kubadilisha kichwa, na kujua mpini umekwisha

Miezi 3 ndiyo kipimo cha kawaida. ADA inasema miezi 3 hadi 4, au mapema nyuzi zikianza kutawanyika. Vichwa vingi vina nyuzi za rangi zinazofifia kukumbusha, lakini rangi hufifia kwa kutumika na haijui lolote kuhusu ukungu. Kichwa cha mwezi mmoja chenye harufu kinatupwa. Mwenye kinga dhaifu ya mwili abadilishe mapema zaidi na amuulize daktari wake kiasi gani. Andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye shingo ya kichwa siku unapokifungua. Kumbukumbu ya miezi mitatu haina wa kuitegemea.

Mpini nao una mwisho wake. Dalili ya kwanza ni weusi unaorudi ndani ya siku mbili tatu kila baada ya kusafisha vizuri: mpira umepasuka na uchafu umeshuka chini yake, mahali pasipofikika. Dalili ya pili ni matone yanayotoka kuzunguka kijiti ukiugeuza mpini na kuutikisa, au kitufe kinachojiwasha chenyewe. Maji yameingia. Mpini wa namna hiyo usiurudishe kwenye chaja, na usiuanike juani ukitumaini utapona. Usiutupe kwenye takataka za kuchomwa pia, kwa kuwa betri ya lithiamu ikitobolewa au ikipashwa moto inaweza kuwaka au kulipuka. Upeleke panapopokelewa vifaa vya umeme vilivyokufa, kichwa kikiwa kimeshachomolewa na kutupwa.